Trimu ya boti ya stendraivu: lini unyanyue, lini ushushe, na kwa nini kitufe cha trela hakiguswi ukiwa mbioni

Kile kitufe kilichoko ubavuni mwa levo ya gia, kile unachokibonyeza kwa kidole gumba juu au chini, watu wengi wanakichukulia ni kitu cha kuongezea spidi tu. Unaondoka, boti ikishapaa, yaani ikishapanda juu ya maji, unabonyeza juu mpaka uone spidi imepanda, alafu unakisahau mpaka ufike. Na siku nyingi hakuna litakalotokea, bahari ikiwa shwari na njia imenyooka utafika salama wasalimini. Shida inakuja pale kitu kinapobadilika ghafla, mtumbwi umetokea mbele ikabidi ukate kona, au wimbi limekushika kwa nyuma, au umetoa mafuta kwa haraka, na mguu wa propela bado uko juu kulekule ulikouacha dakika kumi zilizopita. Ndo maana nataka tuifungue hii mada taratibu, manake trimu, yaani huko kunyanyua na kushusha mguu, inatakiwa ichezwe safari nzima sawasawa na usukani, na ajali zake nyingi zinatoka kwenye ile hali ya kuseti na kusahau.

Kwanza tuelewane stendraivu ni nini. Ni boti ambayo injini iko ndani, imekaa nyuma kabisa ikigusana na ubao wa tezi (ubao wa nyuma ya boti), na injini yenyewe mara nyingi asili yake ni ya gari, V6 au V8 ya petroli, nyingine dizeli. Nguvu inatoka kupitia kwenye ubao wa tezi kwenda kwenye mguu ulioko nje, na huo mguu ndo umebeba propela. Volvo Penta waliuingiza mfumo huu sokoni 1959 kwa jina la Aquamatic, kazi ya mhandisi Mmarekani Jim Wynne, MerCruiser wakafuata 1961, na mpaka leo ukikuta stendraivu karibu kila mara ni ya mmoja kati ya hao wawili. Huku pwani kwetu boti nyingi za kubeba watu ni faiba zenye mashine ya nje, stendraivu utazikuta zaidi kwenye boti za watu binafsi na baadhi ya zile za kuvua kwa mshipi, lakini haya ya trimu kwa sehemu kubwa ni yaleyale kwa mashine ya nje pia, kwa hiyo hata wewe wa faiba usiondoke.

Sasa ule mguu haujafungwa moja kwa moja, umening'inia kama mlango kwenye bawaba, unaweza kwenda kulia na kushoto na unaweza kupanda na kushuka. Kupanda na kushuka kunafanywa na jeki mbili za haidroliki, moja kila upande, na jeki zinasukumwa na pampu ya umeme iliyoko ndani ya boti ikiwa na kitanki chake cha oili. Hapa kuna jambo ambalo naomba ulishike kabla hatujaenda mbele: stendraivu haina ubao wa usukani pembeni na propela. Boti inageuka kwa sababu mguu mzima umegeuka na propela inasukuma maji kwenda upande. Yaani propela ikikosa maji mazuri ya kushika, umepoteza mwendo na umepoteza usukani kwa wakati mmoja.

Ukibonyeza chini mpaka mwisho, mguu unaingia ndani kuelekea kwenye boti, propela inasukuma maji nyuma na chini kidogo, matokeo yake tezi inanyanyuliwa na omo, yaani pua ya boti, inalazwa. Ukibonyeza juu, mguu unatoka nje, propela inasukuma maji nyuma na juu kidogo, tezi inakandamizwa na omo inapanda. Katikati hapo kuna mahali ambapo mguu umenyooka sawa na chini ya boti na nguvu yote inaenda nyuma moja kwa moja. Ni hivyo tu, mengine yote yanatokana na hapa. Omo ikipanda, sehemu ya boti inayogusa maji inapungua, msuguano unapungua, spidi inaongezeka kwa mafuta yaleyale, na hapo ndo watu wanapopendea. Omo ikilala, boti inakata mawimbi badala ya kuyapiga kwa tumbo, inaondoka haraka toka kusimama, lakini ikilala kupita kiasi ukiwa mbioni ile pua inachimba.

Kuondoka. Mguu chini mpaka mwisho, au karibu na mwisho kama boti yako ni nzito mbele, alafu ongeza mafuta kwa mkono thabiti mpaka ipae. Ukiondoka na mguu ukiwa juu omo inaangalia mbinguni na inakaa hivo muda mrefu, injini inalia, boti haipandi juu ya maji, na ubaya mkubwa ni kwamba huoni mbele. Hili nalitilia mkazo kwa sababu ya mahali tunapoishi. Ukitoka gatini Shimoni au Mtwapa, au ufukweni Nungwi, mbele yako kuna mitumbwi, ngalawa, watu wanaoogelea, wazamiaji wa pweza ambao kichwa tu ndo kiko juu ya maji. Sekunde kadhaa za kuona fiberglasi na anga peke yake zinatosha kumpitia mtu. Kwa hiyo kabla hujasukuma levo, kidole gumba kwanza, chini mpaka usikie pampu imebadilika sauti, alafu ndo twende.

Boti ikishapaa na ikatulia, unaanza kunyanyua, na hapa neno ni kidogokidogo. Bonyeza nusu sekunde, achia, subiri boti ijibu, bonyeza tena. Usukani ushike, usiuachie, manake ndo utakaokwambia ukweli kabla ya geji. Propela ya kawaida moja inayozunguka kulia, mguu ukiwa ndani sana usukani unavuta kwenda kulia, tena kwa nguvu, mkono unachoka. Unavyonyanyua ule mvuto unapungua, unapungua, mpaka unafika mahali usukani umekuwa mwepesi kabisa, unaweza kuushika kwa vidole viwili. Ukiendelea kunyanyua unaanza kuvuta upande wa pili, kushoto. Pale pepesi ndo mahali pazuri pa kuanzia kwa bahari ya kawaida. Zile zenye propela mbili zinazozunguka kinyume, kama Duoprop ya Volvo Penta iliyotoka 1982 au Bravo Three ya MerCruiser, hazivuti hivo kwa sababu propela moja inafuta mvuto wa nyingine, kwa hiyo ukiwa na hizo sikiliza zaidi injini na angalia maji.

Na cha kusikiliza kwenye injini ni hiki. Unavyonyanyua, RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) inapanda na spidi inapanda nayo, vizuri. Inafika hatua RPM inapanda lakini spidi imegoma, hapo umeshapita. Ukizidi tena kidogo utasikia injini imeruka ghafla, sauti imekuwa nyembamba, boti imelegea, maana yake propela imevuta hewa toka juu ya maji na inazunguka kwenye mapovu. Rudisha chini mguso mmoja au miwili, na kama imeruka sana toa mafuta kidogo ili propela ishike maji tena. Usijaribu kuimaliza kwa kuongeza mafuta. Hio hali ukiwa umenyooka ni hasara ya mafuta tu, ila ukiwa kwenye kona ni hatari ya kweli, manake nimeshasema huna usukani mwingine.

Kuna na ile ya boti kuruka kama pomboo, omo juu, omo chini, juu, chini, na kila mara inazidi. Inatokea kwa sababu omo imenyanyuka mpaka boti inabebwa na sehemu ndogo sana ya nyuma, haiwezi kubaki hapo, inaanguka, inapigwa na maji, inanyanyuka tena. Waliokaa nyuma wanaona mchezo. Aliyekaa mbele anarushwa kwenye kiti na kuangukia makalio, na uti wa mgongo ndo unaopokea, watu wanaumia pingili kabisa kwa namna hio, hasa wazee. Dawa yake ni kushusha mguu kidogo mpaka itulie, kama haitulii punguza mafuta. Usianze kuifukuzia kwa levo, kuongeza na kupunguza kufuata mdundo wake, utaizidishia. Alafu angalia watu wamekaa wapi, ukiwa na mzigo wote na abiria wote tezini boti itaruka hata trimu uiweke vipi, hamisha watu wawili mbele uone tofauti.

Upande wa pili wa makosa ni kubaki na mguu ndani kabisa ukiwa mbioni, na huu watu hawauogopi kwa sababu boti inaonekana imetulia. Omo imelala, kifua cha boti kimezama, mguu unasukuma kwa nyuma. Ukigusa usukani tu boti inazungukia kwenye pua na tezi inafagia nje, ghafla, bila onyo, na waliokaa pembeni bila kushika kitu wanatoka. Ukiongeza na ule mvuto wa kulia niliosema, nahodha mwenye mkono mchovu akiuachia usukani mara moja boti inajikata yenyewe kona kali kwenda kulia. Ule waya wa kuzima injini, unaoning'inia pale karibu na swichi, uvae, ufunge kwenye mguu wako au kwenye laifu jaketi. Marekani waliliweka kwenye sheria kuanzia tarehe 1 Aprili 2021, nahodha wa boti iliyo chini ya futi 26 yenye swichi hio lazima awe ameiunganisha boti ikiwa mbioni, na huku kwetu pia sioni sababu ya kuuacha unaning'inia, ikizingatiwa kwamba ukirushwa boti yenye injini hai inaendelea kuzunguka na propela yake na wewe uko ndani ya maji.

Sasa bahari. Ukienda unapigana na mawimbi, uso kwa uso, shusha mguu, omo ilale ikate, na punguza mwendo. Hili wengi wanalijua. Linalowashinda ni la kurudi na mawimbi nyuma, na wanaotoka Kisite kurudi Shimoni mchana wa kusi wanalijua vizuri, upepo unatoka kusini, maji yanakuja kwa tezi, na asubuhi walipokuwa wanaenda mguu ulikuwa chini kwa sababu walikuwa wanayapiga mawimbi kwa mbele. Wakigeuza kurudi wanauacha palepale. Boti inapanda mgongo wa wimbi, inatelemka mbele yake kwa mbio, pua inaenda kuchoma mgongo wa wimbi lililotangulia, na kwa kuwa omo imelazwa inachimba, inasimama, huku wimbi la nyuma bado linaisukuma tezi. Tezi lazima iende mahali, inakwenda pembeni, boti inalala ubavu kwa mawimbi, na huo ndo mwanzo wa kupinduka. Ukiwa na mawimbi nyuma nyanyua mguu kiasi, omo iwe nyepesi, alafu cheza na mafuta ukae juu ya mgongo wa wimbi moja usilipite. Nyanyua kiasi lakini usifike pale propela inapovuta hewa, kwa sababu kwenye mawimbi propela inatoka majini kirahisi kuliko kwenye maji tulivu, na unaihitaji ishike muda wote.

Kona: shusha kidogo kwanza, usifike mwisho, alafu kata. Kupunguza mwendo: shusha kwanza, alafu toa mafuta polepole, manake ukitoa kwa ghafla na mguu ukiwa juu mkia wa mawimbi yako mwenyewe unakufikia na kupanda tezini. Ukishatoka kwenye kona na boti imenyooka, nyanyua tena kama unataka. Mikono ikizoea utajikuta unafanya bila kufikiri.

Nimefika kwenye ile ninayoiona hatari kuliko zote, nayo ni kitufe cha trela. Kwenye boti za MerCruiser utakuta kitufe cha kunyanyua cha kawaida na kingine pembeni cha trela. Kile cha kawaida kina mpaka. Pembeni pale mguu ulipofungwa kuna swichi ya kikomo, mguu ukifika mwisho wa sehemu salama inakata umeme, hata ubonyeze namna gani hauendi. Cha trela hakina mpaka huo, chenyewe kinaunyanyua mpaka juu kabisa kwa ajili ya kupakia boti kwenye trela injini ikiwa imezimwa. Ile sehemu salama inaishia pale ambapo mguu bado umeshikiliwa kwa pembeni na mashavu ya chuma ya pete unayoning'inia. Ukipita hapo mguu hauna kinachoushika kwa pembeni, nguvu ya propela inaweza kuukunja na kuvunja vyuma, na ndani yake kuna krosi, zilezile za kwenye shafti ya lori, ambazo kwa pembe kali hivo zinagonga na kusagika. MerCruiser wanasema ukiwa umepita mashavu hayo usizidi RPM 1,200, na hapo tunazungumzia kujikokota kwenye maji madogo, sio safari.

Kwa nini mtu abonyeze trela akiwa mbioni? Kwa sababu ile swichi ya kikomo inakaa majini maisha yake yote, chumvi inaingia, siku moja inakufa. Ikifa kitufe cha kawaida cha kunyanyua kinakataa, kushusha bado kunafanya kazi, trela bado inafanya kazi. Mwenye boti anagundua trela inanyanyua, anasema basi nitakuwa natumia hiki, na inakuwa mazoea. Au fundi anaunganisha waya moja kwa moja kuikwepa swichi, boti inarudi kwa mwenyewe ikiwa inaonekana imepona, na sasa kitufe cha kawaida nacho hakina mpaka. Aliyeuziwa boti hio hajui kitu. Siku akiwa mbioni kidole kikikaa sekunde mbili zaidi mguu unapita mashavu kwa RPM 4,000.

Kipimo chake ni rahisi na kifanye leo kama una boti. Boti iko imefungwa au iko juu ya trela, injini imezimwa, hakuna mtu nyuma karibu na mguu wala propela. Shusha mguu mpaka chini. Bonyeza kitufe cha kawaida cha juu na ukishikilie. Mguu lazima usimame wenyewe ukiwa bado umo kati ya mashavu. Ukiendelea kupanda mpaka juu, au ukikataa kabisa kunyanyuka kwa kitufe hicho lakini trela inaunyanyua, hio boti haijawa tayari kwa safari, swichi ibadilishwe na isetiwe kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha modeli yako. Kwa Volvo Penta mpangilio unatofautiana, zao nyingi zina hatua tatu, ya mwendo, ya kusogelea ufukwe na ya kunyanyua kabisa, na hio ya ufukwe ni ya mwendo mdogo tu, lakini swali la kujiuliza ni lilelile: nikishikilia kitufe cha mwendo, kunakata penyewe?

Geji ya trimu nayo usiiamini kupita kiasi. Inasoma kisoma-pembe kilichoko palepale nje kwenye chumvi, na hata ikiwa nzima inakwambia mguu uko wapi, haikwambii boti imekaaje. Watu watano wakihama kiti namba ileile ya geji inakuwa na maana nyingine.

Maji madogo yana mtego wake. Sote tunajua bamvua ikipwa huku kwetu maji yanashuka mpaka karibu mita 4, njia uliyotokea asubuhi jioni ni mchanga na miamba. Mtu ananyanyua mguu propela isiguse, sawa, lakini matundu ya kuvutia maji ya kupoza injini yako kwenye mguu huohuo. Ukiyatoa majini injini inapika, na kwenye Alpha, aina mojawapo ya mguu wa MerCruiser, hata pampu ya maji yenyewe iko ndani ya mguu, impela ya mpira ikizunguka kavu inachanika muda mfupi tu. Macho kwenye geji ya joto, injini karibu na sailensa (mzunguko wa chini kabisa), na ikiwezekana subiri maji yajae. Kurudi nyuma mguu ukiwa juu pia sio kuzuri, boti haishiki, na jeki zikiwa zinavuja nguvu ya kurudi nyuma inaunyanyua mguu zaidi.

Kuhusu kuvuja, oili ya trimu inaangaliwa mguu ukiwa chini kabisa, kati ya alama mbili za kitanki. Ikipungua kila mara tafuta inakotokea, mara nyingi ni sili za jeki zilizokatwa na vile vigamba vinavyoota kwenye fimbo zake boti ikikaa majini mguu ukiwa juu. Ukiegesha majini shusha mguu, fimbo zinaingia ndani ya jeki na zile buti za mpira zinazozuia maji yasiingie kwenye boti zinakaa bila kukunjwa. Buti ikichanika boti inaweza kuzama ikiwa imefungwa gatini. Kazi ya pampu inafanyika ngamani, yaani chini ndani ya boti, na boti ikiwa ya petroli fungua, nusa, washa feni ya kutoa mvuke dakika 4 kabla ya kugusa waya wowote au kuwasha injini. Na usiingize mkono kati ya mguu na boti wakati mwenzio ameshika kitufe, weka kizuizi cha mbao au chuma kwanza.

Ikikutokea trimu imekufa katikati ya safari, angalia fyuzi na waya za betri kwanza, mara nyingi ni kutu tu. Mguu ukikwama chini unaweza kurudi nyumbani, nenda kwa kina kirefu, mwendo wa wastani, kata kona pana, na ufukweni usisogee, tia nanga nje watu washushwe kwa mtumbwi. Ukikwama juu ni habari nyingine. Mashine ya nje ina skrubu ya kufungulia presha kwenye bano lake, unailegeza mguu unashuka kwa mkono, stendraivu nyingi hazina. Hapo weka abiria nyuma tezi izame kidogo, hakikisha matundu ya maji yamo ndani, RPM isizidi 1,000, macho kwenye joto, na kama upepo unakusukuma kwenye mwamba kuliko unavyosonga mbele, tia nanga na uombe uvutwe.